Shangazi, nimedanganya muda wangu wa mbio

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Jambo ninalokuandikia ukilisikia utacheka, na cheka tu. Mimi mwenyewe ningecheka kama lisingekuwa linaninyima usingizi.

Mwaka juzi daktari alinipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia nianze kutembea. Nikatembea. Baada ya miezi michache nikaona kutembea kunachosha kuliko kukimbia, nikawa nakimbia nusu ya njia na kutembea nusu. Sikuwa na nia ya kushindana na mtu. Siku moja nikaona tangazo la mbio za ridhaa za kilomita 10, wazi kwa yeyote, nikajiandikisha kimyakimya. Aliyejua ni mke wangu tu.

Tangu hapo nimeshiriki mara tatu ndani ya miezi 14, zote kilomita 10. Mara ya kwanza nilitumia saa 1:19:25. Ya pili 1:15:02. Ya tatu, mwezi uliopita, 1:11:40. Kila mara niko huku nyuma nyuma. Hii ya mwisho nilikuwa wa 612 kati ya watu 740.

Hiyo ya tatu nikueleze kidogo. Asubuhi binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyenibandika nambari kifuani. Pini zilikuwa tatu, ya nne haikuonekana, basi pembe moja ya karatasi ikawa inanipigapiga tumboni tangu mwanzo hadi mwisho. Nilianza vizuri, lakini kwenye kilomita ya saba miguu ikagoma nikaanza kutembea. Akaja mama mmoja mtu mzima, amenizidi umri kwa mbali, amevaa kofia nyeupe. Akapunguza mwendo, akasema, "Twende mwanangu, zimebaki chache." Tukaenda. Hatukusema neno jingine mpaka mwisho. Tulipovuka mstari akanipa mkono, akapotelea kwenye umati. Hata jina sikumuuliza.

Jumatatu nikaingia kazini na medali mfukoni. Nadhani nilitaka mtu aniulize. Wakati wa mapumziko nikaitoa pamoja na funguo, na kijana mmoja wa idara yetu, ana miaka 27, akaiona. "Kumbe mzee unakimbia! Ulikuwa wa ngapi?" Nikajifanya sijasikia. "Basi ulitumia muda gani?" Shangazi, mdomo ulifunguka wenyewe: "Dakika 58."

Hata sijui namba ile ilitoka wapi. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa idara akasema kumbe tulikuwa na mwanariadha hapa tumemweka kwenye mafaili. Nikaona raha kwa dakika mbili hivi.

Wiki iliyofuata kijana yule akapita nyumbani kuleta karatasi za kazi, akairudia habari mbele ya mke wangu: "Mama, mzee wako ni hatari, dakika 58!" Mke wangu alikuwa ameshika jagi la maji. Akamimina, akaliweka mezani, akanitazama mara moja, akaenda zake. Usiku nikangoja aseme. Hakusema. Mpaka leo hajasema.

Sasa shida yenyewe. Kijana amejiandikisha mbio zijazo, wiki sita kutoka leo. Hajawahi kukimbia kilomita 10 maishani mwake. Anawaambia watu kuwa mpango wake ni "kujishikiza nyuma ya mzee" mpaka mwisho, na mazoezi yake anayafanya kwa kasi ya dakika 58. Kila asubuhi ananiletea maswali, akimbie vipi, apumzike lini, nami namjibu kama mtaalamu. Na matokeo ya mbio zote huwekwa mtandaoni, kila mtu na jina lake. Akiamua kunitafuta ataniona.

Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza, nijifue wiki hizi sita mpaka hizo dakika 58 nizipate kweli. Ya pili, niseme nimeumia goti. Ya tatu, niachane na mbio kabisa, maana nikikaa peke yangu najiuliza mtu wa 612 anatafuta nini pale. Ndugu yangu mmoja alishaniambia kwamba kulipa ili uchoke ni akili ya ajabu. Na ni kweli kwamba sitashinda kamwe. Niambie kama ipo faida ya mtu kama mimi kuendelea, na unitoe kwenye hili shimo.

Mtu wa 612

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, kwa kuwa ruhusa umenipa. Kisha nikachukua kalamu nikaisoma barua yako upya, maana imejaa namba, na mimi namba siziachi zipite hivi hivi. Nikwambie mapema kwamba mimi nami hukimbia. Nilianza nina miaka 52, na jukwaa la washindi sijawahi kulikaribia isipokuwa siku moja waliponiomba nisaidie kulibeba.

Goti kwanza, halina maneno mengi. Liache. Kwa umri wako goti la kweli linaweza kuja bila kuitwa, na siku hiyo nani atakuamini?

Dakika 58 kwa wiki sita nazo hazipatikani. Saa 1:11:40 kwa kilomita 10 ni dakika 7 na sekunde 10 kwa kila kilomita. Dakika 58 ni dakika 5 na sekunde 48. Unataka kupunguza sekunde 82 kwenye kila kilomita, mara kumi, ndani ya siku 42, wakati kupunguza sekunde 46 kulikuchukua miezi 14, na hayo ni maendeleo mazuri mno. Moyo na pumzi huitikia mazoezi baada ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi kibaya ambacho pumzi inakwambia ongeza na muundi hauna habari, na hapo ndipo wengi wanaoanza huumia. Isitoshe, wewe ulianzia kwenye presha. Kabla ya kuongeza kasi yoyote rudi kwa daktari yule yule akupime, na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana au kichwa kinazunguka, simama, hata kama umebakiza hatua mia.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe.

Habari ya dakika 58 umenisimulia kwa kirefu, mpaka jagi nimeliona. Mama wa kofia nyeupe umempa mistari michache, kama mtu anayepita njia. Nikafanya hesabu yangu. Kwa mwendo wako, kilomita ya nane uliivuka kwenye dakika ya 57 na kitu. Miguu ilikugomea ya saba, na mama akakukuta hapo. Maana yake saa ilipofika dakika 58 wewe ulikuwa barabarani, karatasi inakupigapiga tumboni, ubavuni mwa mtu usiyemjua aliyepunguza mwendo wake kwa ajili yako. Hiyo ndiyo dakika yako ya 58. Mtu anayemaliza kwa dakika 58 hakukutana na mama yule. Alikuwa amekwisha kuvuka mstari, anatafuta maji. Ulipomtajia kijana namba ile ulimfuta mama wa watu.

Na hukumfuta yeye peke yake. Kati ya mbio zako za kwanza na za tatu umepunguza dakika 7 na sekunde 45. Hizo ni zako, umezitolea jasho alfajiri kwa alfajiri. Ukazitupa zote ili uchukue dakika 13 na sekunde 40 ambazo hukuzifanyia kazi. Biashara gani hiyo?

Usidhani uko peke yako, lakini. Mwaka 2012 Paul Ryan, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais kule Marekani, alisema redioni kwamba aliwahi kukimbia marathoni kwa saa mbili na dakika hamsini na kitu. Wakimbiaji waliosikia masikio yaliwasimama, kwa sababu muda wa chini ya saa tatu mtu haupati hivi hivi. Matokeo yakachimbuliwa. Marathoni yake ilikuwa ya mwaka 1990, mjini Duluth, na muda wake saa 4, dakika 1 na sekunde 25. Ikabidi akubali kwamba alikosea. Nami kinachonisikitisha ni kwamba saa nne kwa kilomita 42.195 ni kazi ya kuheshimika kabisa. Angeisema ilivyo, nani angemcheka?

Kilichokuponza ni lile swali la "ulikuwa wa ngapi". Watu huliuliza bila ubaya, kwa sababu mbio wanazozijua ni za kwenye televisheni, ambako watatu hupewa medali na waliobaki hata kamera haiwasubiri. Ungemjibu "wa 612" kwa sauti ya kawaida, angecheka kidogo, kisha angekuuliza swali la pili, na pengine mama wa kofia nyeupe angeingia kwenye mazungumzo.

Uliniuliza faida. Ya afya unaijua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito, na hizo unaweza kuzimaliza peke yako bila kubandikwa nambari na mtoto. Kwa hiyo swali lako la haki ni hili: kwa nini mbio za watu, na si mchakamchaka wangu wa alfajiri?

Naweza kukujibu kwa yaliyonipata mimi tu. Mtu ukishakuwa mzima hakuna anayekupima tena kwa haki. Kazini hujui kama umepiga hatua au bosi ameamka vizuri. Nyumbani unafanya mambo mia na hakuna hata moja linaloisha, kesho yanaanza upya. Mbio zina mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia, na katikati kuna saa ambayo haina mjomba wala shangazi. Nakwambia hivyo nikiwa shangazi. Umejituma miezi minne, saa inakwambia umepata dakika tatu na nusu. Umelala, inakwambia umelala. Haikupendelei na haina kinyongo na wewe. Mimi nimewahi kutoka kwenye mbio nikiwa nimepunguza sekunde 20 kwenye muda wa mara iliyotangulia, nikajifungia bafuni nikaimba. Sekunde 20! Kwa mtu mwingine yeyote hazina maana, na utamu wake uko hapo hapo.

Halafu kuna watu. Angalia vizuri ile robo saa kabla ya kuanza. Mmoja anafunga kamba za viatu kwa mara ya tatu, mwingine anajinyoosha huku akipiga miayo, wengine wamo kwenye foleni ya choo wanaomba Mungu isogee. Mkurugenzi na mfagiaji wamebandikwa karatasi za aina moja, na hakuna anayeuliza unafanya kazi gani. Unaulizwa tu kama ni mara yako ya kwanza. Ukishaanza, kila mgongo ulio mbele yako ni msaada. Niliwahi kuifuata fulana moja ya kijani kilomita nne nzima. Mwenyewe hakujua kama ananivuta, na uso wake sikuuona mpaka leo. Mwisho nilimpita? Wapi. Lakini peke yangu nisingeweza kwenda vile, nilishajaribu wiki iliyotangulia kwenye njia ile ile nikaishia kukaa kwenye jiwe.

Ulisema ulikuwa wa 612 kati ya 740. Basi nyuma yako walikuwepo watu 128, na hukuwataja. Sikulaumu, hakuna anayewataja. Ila jua kwamba kwa mmoja wao fulana ya kijani ilikuwa wewe.

Watu wakitaka kutufariji sisi wa nyuma hukimbilia kisa cha John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Nampenda Akhwari kupita kiasi, lakini kisa chake si chetu. Yule hakuwa mtu wa mwendo wa pole. Alianguka njiani akaumia. Miaka miwili baadaye, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Wewe na mimi tuko nyuma tukiwa wazima, miguu yote miwili, bila bandeji. Tusivae ushujaa wa mtu. Huu ndio mwendo wetu wa leo, basi.

Nasema wa leo, maana hakuna ajuaye wa kesho. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48 mwaka 2004 akiwa na miaka 73, na mazoezi yake alikuwa akiyafanya kwa kuzunguka makaburini karibu na kwake. Sikuahidi utakuwa Whitlock. Makaburi mimi nilishayajaribu, sikuongeza kasi ila siku ya kwanza tu, kwa uoga.

Na ukija kushika mkia kweli, si msiba. Kuna mbio za bure za kilomita 5 za kila wiki, parkrun, zilizoanza London mwaka 2004 na wakimbiaji 13, sasa ziko nchi nyingi. Wale huweka mtu wa kujitolea atembee nyuma ya wote, ili mshiriki asiwe wa mwisho hata siku moja. Waandaaji wanaofikiri hivyo wapo kwingine pia, waulize wa kwenu.

Ndugu yako wa "kulipa ili uchoke" usibishane naye. Mwalike aje asimame karibu na mstari wa mwisho kuanzia dakika ya 70 na kuendelea, aone nyuso.

Anayenikosesha raha mimi ni kijana. Kwako wewe huu ni uongo wa aibu, unauma moyo tu. Kwake umekuwa ratiba ya mazoezi. Mtu ambaye hajawahi kukimbia kilomita 10 anajipima kwa namba ambayo hata aliyeisema haijui, na kila asubuhi unamwongezea ushauri juu yake. Akichanika msuli wiki ya tatu utamwambia nini? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako wameshakupimia, ni kilomita 10 kamili, na mwishoni kuna saa kubwa inayoonekana kwa wote.

Kwa hiyo mwambie wiki hii. Usimwandikie ujumbe wa simu, na usingoje asubuhi ya mbio mkiwa mnafunga viatu. Mchukue pembeni, mkiwa wawili, useme hivi au karibu na hivi: "Nilikwambia dakika 58. Si kweli. Muda wangu ni saa 1 na dakika 11. Niliona aibu ulipouliza. Tafadhali usifanye mazoezi kwa namba yangu ile." Kisha nyamaza. Usiongeze kwamba siku ile ulikuwa na mafua, wala kwamba njia ilikuwa na kilima. Akisikia kwako, umeungama. Akiikuta kwenye matokeo, umefumaniwa. Inawezekana atacheka, na inawezekana kabla ya jioni idara nzima itakuwa inakuita Dakika 58. Watakutania wiki moja, mbili, kisha atapatikana mwingine wa kutaniwa. Mkuu wa idara mwambie wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa sentensi moja, upite.

Ukishamaliza hapo, msaidie kijana kwa kile unachokijua kweli, maana kipo. Unajua kuanza kwa kuchanganya kutembea na kukimbia, na hicho ndicho anachohitaji kwa wiki sita. Siku nyingi akimbie kwa mwendo ambao anaweza kusema sentensi nzima bila pumzi kukatika. Akishindwa kuongea, anakwenda mbio mno. Awe na siku za kupumzika za kweli, na siku ya mbio akitembea kidogo hakuna atakayemkamata. Na ujiandae, miaka 27 ni miaka 27. Anaweza kukuacha kwenye kilomita ya tatu usimwone tena mpaka mwisho. Mpigie makofi, na makofi yawe ya kweli.

Kwa upande wako, kuna mahali umeandika "nilianza vizuri". Sisi wa nyuma tukisema tulianza vizuri, maana yake tulianza mbio mno. Mimi mbio zangu za kwanza nilifyatuka na vijana, kilomita ya pili kichomi kikanishika ubavuni kama nimechomekwa kijiti, nikamaliza nimejikunja. Safari hii usipigane kusimama mbele. Kama kuna chipu, yaani kile kidude cha kupimia muda anachovaa kila mkimbiaji, muda wako halisi unahesabiwa tangu wewe mwenyewe uvuke mstari, si tangu honi ilipolia. Kilomita mbili za kwanza ziende kwa dakika 7 na sekunde 20, hata kama watu wanakupita kama mto, na watakupita. Kuanzia ya tatu shika 7:10 yako. Ukifika ya saba ungali unakimbia, umeshapata kitu ambacho mara ya tatu hukukipata, na kilomita tatu zilizobaki tumia kilichomo. Sitaki kukutajia muda wa kumaliza. Namba za kubuni tumeshakuwa nazo za kutosha.

Na tazama ubavuni. Inawezekana kwenye ya saba akawepo mtu ameanza kutembea, amejishika kiuno. Maneno unayajua, uliyasikia kwa mama.

Mkeo anajua, mwanangu. Alijua tangu kwenye jagi. Kunyamaza kwake mimi sikusomi kama hasira, au si hasira tupu. Angeweza kukuumbua pale pale mbele ya mgeni, akamimina maji. Amekuachia nafasi uirekebishe mwenyewe. Siku utakayozungumza na kijana, ukirudi nyumbani mwambie umezungumza naye. Usimwombe ushauri wala usimweleze ilivyokuwa ngumu. Mwambie tu, halafu msikilize, kama atakuwa na la kusema.

Medali ya 1:11:40 mpe binti aitundike anapotaka. Na usiku wa kuamkia mbio zijazo, kabla hamjalala, mwambie azihesabu pini mezani. Ziwe nne.

Shangazi